NDANDALO HAKUNA MLIMA, NIKAUFUATA MATEMA

Najua wengi wenu mkisikia neno "matembezi" akili inakimbilia Coco Beach, mishikaki na soda baridi. Leo naomba mnifuate mbali kidogo, mpaka Kyela, kule ambako Ziwa Nyasa linaanzia upande wa kaskazini. Fungeni kamba za raba zenu vizuri maana kuna kupanda.

Kyela, asikwambie mtu, ni mbali. Basi linaondoka Dar alfajiri, mnapita Morogoro, Mikumi, Iringa na Makambako mpaka Uyole, halafu dereva anakata kushoto kuelekea Tukuyu. Pale Tukuyu ni baridi, migomba na mashamba ya chai, kila abiria anatafuta sweta. Kisha gari linaanza kushuka. Linashuka, linashuka, masikio yanaziba, na lile sweta ulilolitafuta kwa tabu unalivua mwenyewe. Mkifika chini joto linawapokea kama mtu amefunua sufuria ya wali usoni kwenu. Hapo ndipo Kyela.

Kwa marehemu baba yangu ni Ndandalo, hapo hapo Kyela. Mimi nimezaliwa Dar na Kinyakyusa changu kinaishia kwenye "ugonile" na "ndaga fijo". Hata hivyo, nikiulizwa kijiweni kwetu ni wapi, natanua kifua: "Ndandalo, Kyela! Kwenye mchele wenyewe!" Na mnajua jinsi mchele wa Kyela ulivyo na jina. Kila duka la Manzese na Tandika linauza mchele wa Kyela, mpaka mtu unajiuliza hiyo Kyela ina ukubwa gani. Kwa kweli mwingine haujawahi kuiona Kyela hata kwenye ramani.

Lakini safari hii ya Julai 2024 sikwenda kula wali. Nilikwenda kuuza shamba.

IST YA RANGI YA FEDHA

Ngoja niwaeleze ili msinihukumu mapema. Baba aliacha kipande cha ardhi pale Ndandalo, eka moja na kidogo. Upande mmoja panalimwa mpunga, upande mwingine kuna miti ya kakao aliyoipanda mwenyewe kwenye kivuli cha migomba. Baba mdogo ndiye anayelitunza. Miaka yote nilikuwa naletewa debe la mchele na maneno "shamba lipo," basi, yameisha.

Sasa mwaka ule kakao ikapanda bei kama imepandwa na wazimu. Ghana na Ivory Coast, ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, zilipata mavuno mabaya, na Machi 2024 bei kwenye soko la dunia ikavuka dola 10,000 kwa tani. Sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka Kyela. Kwa hiyo, wakati wazungu wanalalamika kwamba chokoleti imekuwa ghali, kule kwetu watu walikuwa wanahesabu miti. Wenye pesa nao wakaanza kupita vijijini kuulizia mashamba.

Mmoja wao alifika kwa baba mdogo, akataja kiasi. Baba mdogo akanipigia simu. Mimi nikachukua kalamu, nikapiga hesabu zangu za kitoto cha mjini, na jibu likatoka: Toyota IST. Nilishachagua mpaka rangi, ya fedha. Nilijiona tayari niko Mwenge na kioo nimeshusha, mkono mmoja uko nje, na washikaji wanaoningojea kituoni wananipungia.

Nilifika Ndandalo Ijumaa jioni. Nikasalimia, nikala, nikaoga. Ndipo baba mdogo akaniambia, "Mwanangu, shamba ni la baba yako, na sasa neno ni lako. Yule mtu anakuja Jumapili. Nipe jibu kabla hajafika."

Nikaitikia, "Sawa, baba." Lakini usingizi haukuja haraka. Sijui kwa nini. Nilikuwa nimekuja na jibu langu mfukoni tangu Ubungo, na sasa linanichoma.

"Baba mdogo," nikamwambia tukiwa tumekaa nje, "hapa karibu hakuna kilima nikapande kesho, ninyooshe miguu kidogo na kuwaza?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Kilima? Ndandalo? Hapa mlima wetu ni kichuguu, tata! Ukitaka mlima nenda Matema. Kesho ni Jumamosi, soko la vyungu la Lyulilo linakuwepo. Utapanda, utaona, utarudi."

Na ni kweli. Ndandalo ni tambarare kama meza. Ukisimama mlangoni unaona migomba ya jirani, basi. Ukienda nyuma ya migomba ya jirani unakuta migomba ya jirani mwingine. Ukiwa pale unaweza ukaapa kwamba ardhi ile haina mwisho.

MATEMA, MLIMA UNAPOINGIA MAJINI

Alfajiri nikachukua bodaboda mpaka Kyela mjini, na pale nikapanda Noah ya Matema. Tulibanana kama dagaa, lakini barabara ni lami kupitia Ipinda mpaka Matema kwenyewe, si kama zamani ambapo masika yakichachamaa gari lilikuwa linaogelea. Njiani ni mpunga uliokwisha kuvunwa, kakao, michikichi na baiskeli. Kyela baiskeli ni sehemu ya mwili. Niliona baba mmoja kapakia mke, mtoto, ndizi na kuku, wote kwenye baiskeli moja, na bado anapiga kengele kunipita mimi niliye kwenye gari!

Matema ni kijiji cha mwambao chenye hospitali ya Walutheri, nyumba za kulala wageni, maduka machache na mchanga mweupe mrefu unaojikunja kuelekea magharibi mpaka macho yanachoka. Kitu cha kwanza kinachokupiga usoni ni Milima ya Livingstone. Haijaja polepole kama milima mingine. Imesimama wima upande wa mashariki kama ukuta, juu kuna mawingu, chini kuna maji, na katikati hakuna nafasi ya kuweka hata kiti.

Nilikunywa chai kwa mama lishe mmoja karibu na magari yanaposimama. Nikamwachia begi na kumwomba anitafutie mtu wa kunionyesha njia. Akampigia ukunga mpwa wake, kijana wa miaka kama kumi na tisa, mwembamba, kavaa kandambili. Nikatazama kandambili zake, nikatazama raba mtoni zangu mpya, nikamwonea huruma. Kumbe huruma ile ilikuwa ya kujionea mwenyewe.

Tukaelewana bei kabla ya kuondoka. Nanyi fanyeni hivyo hivyo, msingoje mpaka kurudi ndipo muanze kuvutana. Ilikuwa kama saa mbili asubuhi tulipoanza.

MCHANGA, USIPA NA VYUNGU

Mzunguko wenyewe ni hivi. Unaanza Matema, unafuata ufukwe kuelekea mashariki kama kilomita mbili mpaka Lyulilo. Pale unaliacha ziwa na kupanda mlimani kwa njia za wakulima, unakata ubavu wa mlima kurudi ulikotoka, unavuka kijito chenye maporomoko madogo, halafu unashuka nyuma ya Matema. Sisi ilituchukua saa nne pamoja na kupumzika. Kijana alisema peke yake angetumia saa moja na nusu, nami nilijifanya sikusikia.

Sehemu ya ufukweni ni raha tupu. Wanawake wanaosha vyombo, watoto wanaogelea, usipa wameanikwa wanameta kama vipande vya bati. Maji ya ziwa ni maangavu, unaona kokoto chini. Usidanganyike lakini. Ziwa hili liko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na kina chake kinafika karibu mita 700. Maana yake ni kwamba chini kabisa ya Ziwa Nyasa ni chini kuliko bahari ya Hindi unayoiona pale Kigamboni. Aina za samaki waliomo ni mamia kwa mamia, na nyingi hazipatikani penginepo popote duniani.

Mwambao wa pili ni Malawi. Wenzetu wanaliita Ziwa Malawi na wanasema kwa upande huu wa kaskazini maji yote ni yao mpaka kwenye mchanga wetu, kwa sababu ya mkataba ambao Waingereza na Wajerumani waliutia saini mwaka 1890. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Mwaka 2012 ugomvi huo ulipamba moto tena. Nikamuuliza kijana, mpaka uko wapi hasa? Akayatazama maji, akanitazama mimi.

"Kaka, mimi nikiwa kwenye mtumbwi naogopa upepo tu."

Lyulilo ndipo tambarare ya Kyela inapokata roho. Mbele yako ni mwamba. Jumamosi mitumbwi inakuja hapo kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi kilichobanwa kati ya mlima na maji, na ndani ya mitumbwi ni vyungu, vimepangwa kwa nyasi visigongane. Wafinyanzi ni wanawake. Hawatumii mashine, ni udongo, maji na mikono yao, na vyungu vinatoka vyembamba na vya mviringo mpaka unashangaa. Vingine vimepakwa udongo mwekundu. Wachuuzi wanavinunua na kuvipeleka Kyela, Tukuyu na Mbeya. Wakisi wanaoishi pale hawana mashamba ya kutosha, mlima hauwaruhusu. Kwa hiyo udongo wasioweza kuulima wanaufinyanga, halafu wanaubadilisha kwa chakula cha sisi watu wa tambarare.

Nilinunua chungu kimoja cha ukubwa wa kichwa changu. Kijana akaniuliza, "Kaka, unakwenda nacho mlimani?"

"Kwani kuna nini?" nikamjibu kijeuri.

Hakujibu. Alicheka tu.

MLIMA HAUJUI WEWE NI NANI

Tukaanza kupanda. Dakika tano za kwanza nilikuwa napiga stori za Simba na Yanga. Dakika ya kumi stori zikaisha. Dakika ya kumi na tano nilikuwa nahema kama treni ya mizigo, chungu kimenilemea kwapani, raba mtoni zinateleza kwenye changarawe, na kijana wa kandambili yuko juu yangu anapiga mluzi.

Njia ile ni nyembamba, upana wa mtu mmoja. Pande zote mbili kuna mihogo iliyopandwa kwenye mteremko mkali kiasi kwamba ukidondosha jembe utalifuata ziwani. Nikakaa kwenye jiwe. Ndipo akatokea mama mmoja wa makamo anapanda, kichwani ana ndoo ya maji, mgongoni ana mtoto. Alisimama, akapiga goti kidogo kunisalimia kama ilivyo ada ya kule, akaniuliza hali, akanipa pole, akaendelea na safari yake. Ndoo haikumwaga hata tone.

Jamani niliona aibu! Mimi nimelipa pesa kupanda mlima ule ili kuburudika. Mama yule anaupanda kila siku kwa sababu nyumba yake iko juu na maji yako chini. Kijana alinihurumia, akachukua chungu, akakiweka kichwani, nacho kikatulia kama kimezaliwa pale.

Baada ya kama saa moja tukatokea kwenye bega la mlima, mahali pa wazi penye miti miwili mitatu. Kijana akasema, "Sasa geuka."

Nikageuka. Nikanyamaza.

Wasomaji wangu, Kyela yote ilikuwa chini ya miguu yangu! Mto Lufilyo uko hapa karibu unajipinda kuingia ziwani. Mbali zaidi kuna mistari ya miti ambayo kijana alinionyesha kwa kidole: Mbaka ule pale, Kiwira kule kwenye bandari ya Itungi, na mwisho kabisa kwenye ukungu, Songwe, mpakani na Malawi. Kaskazini nchi inapanda kuelekea Tukuyu, na nyuma yake Mlima Rungwe wenye karibu mita 2,960 umevaa kofia ya mawingu. Magharibi ni milima ya Ileje. Kusini ni maji mpaka mbingu.

Katikati ya hayo yote kuna kile kipande cha kijani ambacho watu wa kwetu wamekaa wanazaana, wanalima na kuzika wazee wao. Yule Mskochi Joseph Thomson alipofika huku kaskazini mwa ziwa mwaka 1879 aliisifu nchi hii kupita kiasi, na sasa nikaelewa kwa nini. Lakini kilichonishtua mimi ni kitu kingine. Ni kidogo! Nikiwa Ndandalo mlangoni niliona ardhi haina mwisho. Kutoka juu niliona mwisho wake pande zote nne. Huku mlima, huku mlima, kule mlima, na hapa maji. Haina pa kutanukia hata hatua moja.

"Ndandalo iko wapi?" nikauliza.

Kijana akanyoosha kidole kwenye moshi wa mbali. "Upande ule, nyuma kule. Una ndugu?"

Nikamweleza habari ya shamba. Sijui kwa nini nilimwambia, labda uchovu. Nikamtajia na ile IST.

Akanyamaza kidogo. Halafu akanionyesha kishamba cha mihogo chini yetu, kimejishikiza kwenye mteremko kama nzi ukutani. "Ile ni ya kwangu. Baba kanipa. Mwaka huu mvua ilichukua robo yake, ikaipeleka ziwani. Wewe una eka ya tambarare, ina kakao juu yake, na unaiuza?"

"Si nitanunua gari?"

"Sawa. Gari lina miaka mingapi?"

Nilitaka kumjibu, jibu likakataa. Nilikaa pale natazama moshi wa Ndandalo mpaka akaniambia jua linakuwa kali, twende.

CHUNGU KILIPONA, MIMI SIKUPONA

Kurudi tulikata ubavu wa mlima kupitia kwenye migomba na vichaka. Sauti ya maji unaisikia kabla hujayaona. Kijito kinatoka juu, kinarukia kwenye mwamba na kutua kwenye dimbwi la baridi. Si maporomoko ya kutishia watu, lakini kwa mtu aliyelowa jasho kutoka utosini mpaka soksi, pale ni peponi. Tulinawa, tukakaa na kula ndizi.

Kijana akanionya, "Mawe yale yana utelezi, vua raba." Nikamwambia raba hizi zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Hatua ya pili nikajikuta nimekaa majini mpaka kiunoni, simu ikiwa mkononi juu kama Sanamu ya Uhuru ya New York. Kijana alivuka na chungu kichwani, kandambili mkononi, mkavu kabisa. Kicheko chake nadhani kilifika Malawi.

Mteremko wa mwisho ndio unaochosha magoti. Unapita nyuma ya nyumba za watu, kwa hiyo salimia kila unayekutana naye, na mzee usimpungie mkono kwa mbali kama uko kwenye daladala. Simama, inama kidogo, msalimie. Mimi "ugonile" yangu moja ilinivusha nyua zote.

Saa sita tulikuwa tumerudi kwa mama lishe, pale pale tulipoanzia. Begi lipo, chai imegeuka wali. Alinipakulia mbasa wa kuchoma, samaki wa ziwa lile ambaye watu wa Kyela wanamsifia kama wanavyowasifia watoto wao, na wali wa Kyela ambao hauhitaji kutangazwa dukani. Harufu yake inajitangaza yenyewe. Nilikula sahani mbili, sioni haya kusema.

NANI ATALIMA?

Jioni nikarudi Ndandalo. Mama mdogo akapokea chungu kwa vigelegele. Nikamwambia baba mdogo, "Siuzi."

Sikutegemea alichojibu. Nilidhani atafurahi. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Vema. Na nani atalima?"

Kimya.

Akaendelea, "Mimi mgongo umeanza kukataa. Wanangu wako Mbeya na Dar kama wewe. Ardhi isiyouzwa inataka mikono, haitaki maneno mazuri."

Akanihadithia mambo ya zamani. Kumbe Wanyakyusa walikuwa na utaratibu ambao haukuwa wa kawaida duniani: wavulana wakifika umri wa miaka kama kumi waliondoka kwa baba zao na kwenda kujenga kijiji chao wenyewe na wenzao wa rika moja. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, lakini kulala na kuishi ni kwao. Wakikomaa, kizazi cha baba zao kiliwakabidhi nchi kwa sherehe, na wazee wakasogea pembeni. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walilichunguza jambo hilo, na Monica akaliandikia kitabu mwaka 1951. Ardhi ilipoanza kuwa adimu na mazao ya biashara kuingia, utaratibu ule ukafa.

"Zamani wazee ndio walisogea kuwapisha vijana," alisema baba mdogo. "Siku hizi vijana ndio mnasogea. Mnasogea mpaka Dar."

Hapo sikuwa na la kujibu. Tukakaa mpaka usiku, na mwisho tukaelewana. Nitatuma pesa ya palizi na ya kuvunia kila msimu. Kijana mmoja jirani atafanya kazi, na katika kakao atapata fungu lake, si kibarua tu. Nami nitakuja kila mavuno kuona kwa macho yangu, siyo kwa simu. Jumapili yule mnunuzi alikuja, akapewa chai na ndizi, akaondoka.

Sasa nisiwadanganye. Mwaka 2025 bei ya kakao duniani ilishuka sana, na washikaji kijiweni hawakuniacha. "Ungeuza wakati ule sasa hivi unatupa lifti!" Kila nikining'inia mlangoni mwa daladala jioni naikumbuka ile IST ya rangi ya fedha. Pesa ya palizi nimetuma mara mbili kwa wakati, mara ya tatu nilichelewa wiki tatu, na baba mdogo hakusema kitu, jambo ambalo ni baya kuliko kugombezwa. Lakini mavuno yaliyofuata nilikwenda, nikashika mundu, nikakata mpunga mpaka viganja vikatoa malengelenge. Debe nililorudi nalo Dar lilikuwa la kwangu kweli.

Mkitaka kwenda, nendeni kati ya Juni na Oktoba, mvua ikiwa imepungua. Kyela mvua hazina adabu, zinaweza kuendelea mpaka Mei na mito ikafurika. Fikeni Jumamosi ili msikose soko la vyungu. Anzeni mapema jua halijakomaa, bebeni maji, laleni ndani ya chandarua maana mbu wapo. Msiogelee karibu na midomo ya mito, kuna mamba. Chukueni mwenyeji na mumlipe vizuri. Na chungu, nunueni mkiwa mnarudi!

Mkifika juu pale penye miti miwili mitatu, geukeni taratibu. Kama kwenu ni Kyela, tafuteni moshi wa kwenu. Kama si Kyela, ukumbukeni moshi wa huko kwenu ulipo, na mjiulize nani anaushughulikia sasa hivi.